Marufuku ya sigara stesheni: njiti inawashwa wapi?

Mada ya sigara stesheni ikizuka tu watu wanagawanyika pande mbili. Kuna wanaotaka ipigwe marufuku kote, kuanzia getini mpaka mwisho wa platifomu, iwe kuna paa iwe hakuna, na kuna wanaosema jamani nje kuna upepo, mwacheni mtu avute zake. Mi sivuti, sijawahi, na moshi wa sigara unaniumiza kichwa kabisa. Ila kuna kundi la tatu naona halisikilizwi, wale wanaosema tengeni kona moja ya wazi, mbali na watu, ichorwe mstari, liwekwe kopo la kuzimia sigara, halafu kwingine kote marufuku iwe marufuku kweli. Hao wakifungua mdomo wanaambiwa ni watetezi wa sigara, na hapo ndo naona wanaonewa.

Mfano unaotajwa kila mara ni moto wa King's Cross, London, tarehe 18 Novemba 1987. Saa moja na nusu jioni, watu wanatoka kazini, njiti ya kiberiti iliyowashwa ikadondoka kwenye ngazi za umeme za mbao, ikapenya ule upenyo wa pembeni, na huko chini kulikuwa na grisi iliyoshikana na manyoya ya nguo, nywele na vipande vya karatasi. Dakika kama 15 hivi baadaye moto ukalipuka mpaka kwenye ukumbi wa tiketi juu, wakafa watu 31. Watu wa marufuku wanasema unaona sasa, sigara na stesheni havikai pamoja, na kwa stesheni ya chini ya ardhi nawaunga mkono asilimia mia.

Lakini kuna kitu kwenye hiyo stori kinarukwa karibu kila mara. Siku ile King's Cross sigara ilikuwa imeshapigwa marufuku! Kwenye treni za chini ya ardhi za London ilikatazwa Julai 1984, halafu Novemba mwaka huohuo kukawa na moto stesheni ya Oxford Circus, na kufikia Februari 1985 ikakatazwa kwenye stesheni zote za chini. Yani moto umekuja zaidi ya miaka miwili na nusu baada ya tangazo. Uchunguzi ulioongozwa na Desmond Fennell ulionyesha abiria walikuwa na tabia ya kuwasha wakiwa kwenye ngazi wanapanda kwenda nje. Mtu amejizuia garini, amejizuia platifomu, sasa anaona mwanga wa juu, mkono unaenda mfukoni wenyewe.

Fikiria hapo kidogo. Amri ilikuwepo, mabango yalikuwepo, na mvutaji akawa anawashia sehemu mbaya kuliko zote katika jengo zima, juu ya mbao zenye grisi chini yake.

Na kuna hili ambalo mi huwa nalirudia sana, wachunguzi walipoangalia kipande cha ubao wa pembeni ya ngazi walikuta sehemu nane zimeungua, alama za vimoto vya zamani vilivyowaka vikazima vyenyewe bila mtu kujua, na kwenye reli ya chini ya ngazi wakakuta njiti. Sehemu nane! Maana yake ile njiti ya Novemba 18 haikuwa ya kwanza, kuna watu wengine huko nyuma walidondosha za kwao wakaenda nyumbani wakala wakalala, na hakuna aliyejua kwamba marufuku haifanyi kazi kwa sababu kila aliyeangalia aliona bango liko ukutani. Hao wote hawakuwa watu wabaya, walikuwa watu waliochoka wanaorudi makwao. Ndo maana nikisikia mtu anasema 'wekeni tu marufuku ya jumla, mambo yataisha' roho yangu haitulii, namuuliza, sawa, hiyo njiti sasa itawashwa wapi?

Tuwe wakweli pia kwamba baada ya moto ule haikuwa marufuku peke yake iliyosaidia. Ndani ya siku tano, tarehe 23 Novemba, sigara ikakatazwa stesheni zote za mtandao ule, za chini na za juu, ndio, lakini pia wafanyakazi wakaanza kufundishwa kukabili moto na ngazi za mbao zikawa zinang'olewa moja moja, ya mwisho imetoka 2014.

Sasa tuje kwenye stesheni za juu, za wazi, maana huko ndo ugomvi wa leo ulipo. Wanaotaka marufuku kamili wana hoja nzito na sitaki kuzipunguza. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama cha kuvuta moshi wa mwenzio, na kwa hesabu zao zaidi ya watu milioni moja wasiovuta wanakufa kila mwaka kwa sababu ya moshi wa wengine. Mwenye pumu akikaa benchi moja na mvutaji hawezi kuhama kila dakika, behewa lake linasimama palepale. Mtoto anayeona watu wazima wanavuta kwenye kona rasmi anaona ni jambo la kawaida. Uholanzi wakaangalia yote haya wakang'oa nguzo zao zilizoonyesha sehemu za kuvuta sigara, na tangu Oktoba 2020 stesheni zao ni bila sigara kabisa. Sweden nao tangu Julai 2019 wamekataza hata platifomu za nje.

Kuna na vipisi, vinaudhi kweli. Angalia treni inapoingia, mtu alikuwa amewasha dakika mbili zilizopita, sigara iko nusu, hana pa kuizimia, anaitupa relini ikiwa bado inawaka. Mfagiaji hawezi kushuka kuiokota treni zikiwa zinapita, kwa hiyo inakaa katikati ya kokoto na nyingine mia, na kile kichungi ni plastiki, hakiozi kama karatasi.

Ila ukiniuliza mimi, hiyo hoja ya vipisi ndo inanipeleka kwenye kona. Ujerumani marufuku ilianza Septemba 2007 na kwenye platifomu nyingi za wazi wakachora mistari ya njano, ndani ya mstari kuna kopo, unavuta hapo, ukitoka nje ya mstari umekosea na kila mtu anaona umekosea. Uswisi nao 2019 wakafanya stesheni bila sigara lakini wakaacha sehemu zenye alama platifomu. Mfanyakazi wa stesheni akimkuta mtu amewasha katikati ya watu ana sentensi nyepesi ya kumwambia: 'Sehemu ni ile pale.' Ananyoosha kidole, mtu anaenda. Kusipokuwa na 'pale' anabaki na 'zima', na kumwambia 'zima' mtu ambaye treni yake imechelewa saa nzima na tayari ana hasira ni kazi ya ugomvi, kwa hiyo wafanyakazi wengi wanageuza shingo tu. Siwalaumu.

Na wavutaji wa stesheni yenye marufuku kamili wanakwenda wapi? Wanatoka mlangoni. Nimesimama mara nyingi kwenye milango ya namna hiyo, chini ya kibaraza, watu sita saba wanavuta kwa haraka haraka, na kila anayeingia lazima apite katikati yao, mama na kigari cha mtoto, mzee na fimbo yake. Ule moshi ambao ungepotea mwisho wa platifomu kwenye upepo sasa umekaa chini ya paa, kwenye njia ya kila abiria. Halafu stesheni inahesabiwa kuwa haina moshi kwa sababu mpaka wake kisheria unaishia hatua tatu ndani.

Najua kona nayo inaharibika. Ikichorwa karibu na mabenchi haina maana, ikikosa kopo inageuka jalala, ikiwekwa mbali mno gizani wanawake hawataenda usiku na wana haki yao ya kuogopa. Hata ile ya mstari wa njano, upepo ukigeuka unamletea moshi mtu aliyesimama mita tano. Kwa platifomu nyembamba yenye paa mwanzo mpaka mwisho mi mwenyewe ningesema hapana, hakuna kona, tafuteni sehemu nje mbali na mlango.

Lakini nje iwepo, na iandikwe kwenye bango lilelile la marufuku. Mabango mengi yana ile sigara iliyokatwa mstari mwekundu na faini chini yake, basi. Ongezeni mshale.