Msituzimie Nyota na Reli

Ijumaa jioni mama alinipigia mwenyewe. Si kawaida yake. Yeye hubipu, mimi ndiye ninayepiga. Kabla sijamaliza shikamoo akaniambia, "Mwanangu, benki wameifukuza simu yangu."

Sikumwelewa mara moja. Kumbe alikuwa amepokea ujumbe kutoka benki anakoweka akiba yake tangu baba afariki, akampa mjukuu amsomee. Huduma ya kubonyeza nyota na reli, zile alama za * na # zinazofungua menyu ya simu, imesitishwa, mteja apakue aplikesheni. Basi. Mama hakuamini, akabonyeza kama alivyobonyeza miaka yote. Ikagoma. Akapanda hadi kwenye lile jiwe juu ya shamba la maharage, ambako mtandao hushika vizuri, akidhani tatizo ni mnara. Ikagoma tena. Akarudi nyumbani, akakaa na simu mkononi akisubiri saa yangu ya kutoka kazini.

Mama anatumia kitochi, simu ndogo ya vitufe. Anaishi Lushoto, milimani upande wa Mlalo, na kitochi chake hakina pa kupakulia chochote. Mimi nilipopokea simu yake nilikuwa kituoni Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam, na mbele yangu kulikuwa na bango kubwa la 5G lenye kijana anayecheka. Nimekuwa na hasira tangu siku ile.

Nataka kwanza nieleze kitochi kimemfanyia nini mama yangu, maana naamini wanaokaa mezani na kuamua kuzima huduma hizi hawajawahi kuona kazi yake kwa macho.

Zamani akiba ya mama ilikaa kwenye debe, chini ya mahindi. Nyingine ilikaa kwa mwenye duka, nyingine kwa dada yake. Kila mahali palikuwa na macho. Mjane mwenye laki mbili kijijini hana usingizi: shemeji atakuja na shida ya ada, jirani atakuja na shida ya mbolea, na huwezi kumwambia mtu huna wakati gulio lililopita alikuona unauza viazi gunia kwa gunia. Kumnyima ni ugomvi. Kumpa ni kuanza upya kila msimu. Mama alianza upya misimu mingi sana.

M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia kwetu Tanzania 2008, mitandao mingine ikafuata, kisha mabenki nayo yakafungua menyu zao za simu. Mama alichelewa kuziamini. Alipoziamini, alipata kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho tangu azaliwe, nacho ni siri ya fedha yake. Anaweka mwenyewe, anatazama salio mwenyewe, anatuma mwenyewe. Aliishia darasa la tatu, kusoma kwake ni kwa kuunganisha herufi pole pole, kwa hiyo menyu aliikariri yote: bonyeza moja, bonyeza tatu, weka namba, weka kiasi, weka namba ya siri. Alikuwa anaitamka kwa midomo bila sauti, kama anayevuta tasbihi. Likizo moja alinitumia elfu tano nikiwa nimekaa chumba cha pili, ili tu nione kwamba anaweza. Simu yangu ikalia, nami nikamsikia anacheka jikoni.

Na laini yenyewe aliipigania. Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole, ule ambao mwisho wake ulisogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Mama alishuka mjini mara tatu. Vidole vyake havikusomeka. Miaka arobaini ya jembe na kuni ilikuwa imevifuta, mashine inatazama na haioni mtu. Kijana aliyekuwa anasajili alimwambia aende akapake mafuta arudi kesho. Akaenda, akapaka, akarudi. Mara ya tatu kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kikakubali, na laini ikabaki yake. Mtu aliyeteseka hivyo kuilinda namba yake halafu anaambiwa kwa ujumbe wa mistari mitatu kwamba njia imefungwa, ahamie kwingine, kana kwamba kuhama ni kuvuka barabara tu.

Akahama, kwa namna pekee iliyokuwepo. Yupo kijana jirani mwenye simu janja. Siku ya gulio walishuka pamoja hadi mahali penye intaneti ya kueleweka, kijana akapakua ile aplikesheni kwenye simu yake yeye, akaingiza namba ya mama, msimbo ukaja kwenye kitochi, akausoma, akauingiza, kisha akamwambia, "Bibi, sasa taja namba ya siri unayotaka." Mama akaitaja. Kwa sauti, pale sokoni, kwa sababu alikuwa hana jinsi.

Nilimuuliza kama pesa zipo salama. Akanijibu, "Zipo. Ni mtoto mwema, hakugusa hata senti. Lakini sasa anajua nilicho nacho."

Sentensi hiyo haijanitoka. Kijana yule hajafanya kosa lolote, amesaidia, na namshukuru. Ila ile siri ambayo mama aliipata uzeeni imeondoka, na haiwezi kurudishwa kwa kubadilisha namba. Sasa akitaka kujua salio lake inabidi amwite mtoto wa watu. Akitaka kunitumia hela, kijana anajua amenitumia. Akiishiwa, kijana anajua ameishiwa. Nasikia mabenki yakiita mambo haya ujumuishi wa kifedha, yaani kila mtu afikiwe na huduma za fedha, na kwa kweli siku zote nimeunga mkono neno hilo. Nauliza tu mama yangu amejumuishwa wapi.

Watu wengi wanaona nyota na reli ni kitu cha kizamani kilichosubiri kufa. Mimi nimefanya kazi na mafundi wa minara miaka kadhaa, na niliyojifunza kwao ni kwamba ile ni kazi ya akili sana. Haitumii bando. Inapita kwenye njia ileile ambayo mnara na simu hutumia kujulishana kwamba kuna anayepiga au kuna ujumbe unaingia, kwa hiyo mtu asiye hata na shilingi ya data anahudumiwa. Ukurasa mmoja hauzidi herufi 182, ndiyo maana maneno yake ni machache na yananyooka. Simu haihitaji kupakua wala kusasisha chochote. Menyu yote iko upande wa mtoa huduma, na kitochi cha miaka ishirini iliyopita kinaipata sawa na simu iliyotoka dukani jana.

Chini yake kuna 2G, mtandao wa simu wa kizazi cha pili, ulioanza biashara Finland mwaka 1991. Mnara wake unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa hadi kilomita 35 pakiwa wazi, na mawimbi yake ya masafa ya megahezi 900 yanajitahidi kuzunguka migongo ya milima kuliko masafa ya juu. 5G tunayotangaziwa, duniani sehemu kubwa inatumia masafa ya karibu megahezi 3,500, ambayo hubeba data nyingi mno lakini hayaendi mbali, na ukuta tu unayachosha. Mjini hilo halina shida, minara imebanana. Kwenye milima ya Usambara anakoishi mama, ambako nyumba moja iko upande huu wa bonde na nyingine upande wa pili, ni habari tofauti kabisa. Pale kwa mama 2G inafika hadi jikoni. 4G inaishia barabarani.

Na kuna suala la chaji. Kitochi cha mama kinakaa siku nne au tano. Simu janja inalala mapema kuliko yeye. Waliotengeneza Nokia 1100 mwaka 2003 walilielewa hili vizuri: wakaweka tochi juu, wakafunika vitufe vumbi lisiingie, wakauza zaidi ya milioni 250. Jina la kitochi limetokana na tochi kama hiyo. Walimfikiria mtu anayeishi gizani na kwenye vumbi, wakatengeneza simu ya kumfaa yeye. Nauliza ni nani leo, kwenye biashara hii ya mawasiliano, anayemfikiria mtu huyo kwa makini kiasi kile.

Nitakubali mambo mawili, na sikubali kwa furaha. La kwanza, 2G ina usalama dhaifu. Usimbaji wake wa zamani, yaani namna ya kuficha mawasiliano yasisomwe na wengine, ulishavunjwa, na simu yake haina njia ya kuhakiki kama mnara inaoongea nao ni wa kweli. Hilo ni sahihi, na mtu wa usalama akiniambia aplikesheni iliyotengenezwa vizuri ni ngumu zaidi kuiba, simbishii. Lakini wezi wanaomfikia mama hawavunji usimbaji wa mtu. Wanatuma "ile hela tuma kwenye namba hii" na kungoja. Na hakuna tundu la usalama kubwa kuliko kumlazimisha mjane ataje namba yake ya siri sokoni. Mkiondoa njia dhaifu na kumwacha na njia ambayo hawezi kuitumia bila kumkabidhi mtu mwingine ufunguo, hamjamlinda.

La pili, menyu hizi zina gharama. Kampuni ya simu hutoza kila mara menyu inapofunguliwa, na benki hazipendi kulipa. Nigeria mabenki na kampuni za simu walivutana miaka mingi juu ya deni la huduma hii, hadi mwaka 2021 ikapangwa tozo ya naira 6.98 kwa kila muamala. Hiyo ni hoja ya fedha na naiheshimu. Basi isemwe hivyo. Mteja aambiwe, "Tumeona huduma yako ni ghali kwetu," ajue anasimama wapi. Mama angeelewa, yeye ni mfanyabiashara wa viazi, gharama anazijua. Angalau angeulizwa kama yuko tayari kuchangia, na najua angechangia.



Wapo wanaoniambia dunia nzima inazima mitandao ya zamani, tusiwe kisiwa. Ni kweli wanazima. Australia walizima 3G mwishoni mwa Oktoba 2024, nchi tajiri, yenye muda wa kujiandaa. Hata hivyo waligundua kuna simu zinazopiga kawaida kwa 4G lakini zikipiga namba ya dharura zinaitafuta 3G, ambayo ingekuwa haipo tena. Tarehe ikasogezwa mbele, na simu za aina hiyo zikalazimika kufungiwa. Wao walihesabu simu moja moja, wakaandikia watu, wakatangaza miezi. Sisi tunapata ujumbe wa mistari mitatu.

Tena minara mingi ya vijijini haikujengwa kwa ukarimu wa kampuni peke yake. Mwaka 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini, na ndani yake kuna fedha za umma. Ni pesa yetu, ikiwemo ya mama anayekatwa kodi kila akinunua vocha. Mnara ukifika kijijini kwa fedha hizo, huduma za msingi zinazopita juu yake zisiondolewe na mtu mmoja ofisini bila kuuliza nani anazitumia. Mdhibiti wa mawasiliano anayo takwimu ya vitochi vilivyo hewani. Kampuni zinayo. Benki nayo inajua wateja wake wangapi hawajawahi kufungua aplikesheni hata mara moja. Waitazame hiyo orodha kabla ya kuzima, na wasizime mpaka aliye wa mwisho kwenye orodha awe na njia ya kuhudumiwa kwa mkono wake mwenyewe.

Mtasema ningemnunulia mama simu janja. Nilimnunulia, miaka miwili iliyopita. Nilikaa naye siku tatu nikimfundisha. Kioo kilikuwa hakisikii vidole vyake, vidole vilevile ambavyo mashine ya usajili haikuviona. Anagusa, haifunguki. Anagusa kwa nguvu, inafunguka nyingine. Aliniambia kwa upole, asinivunje moyo, "Hii inataka mikono laini, mwanangu." Iko kabatini, imefungwa kwenye kanga mpya, anaitoa nikienda. Kitufe cha kitochi kinabonyea. Anakisikia kikishuka, na anajua amebonyeza.

Jana nilimpigia kumjulisha kwamba nimeandika barua benki, na nimeipeleka nakala kwa mdhibiti. Akasema Mungu anibariki, lakini yeye hakungoja. Alikwenda tawini Jumatatu, nauli ya kwenda na kurudi, akapanga foleni hadi saa nane mchana, akatoa fedha zote, akafunga akaunti.

"Zote, mama? Umeziweka wapi?"

Akanyamaza. Nikasikia mbuzi nyuma yake, na mtu anapita akimsalimu, naye akamwitikia.

"Hilo, mwanangu," akasema, "sikwambii kwenye simu."