GPS ikivurugwa angani, rubani wa ndege ndogo alaumiwe ama aonewe huruma?

Ukikaa na watu wa ndege ndogo pale Ukunda ama Malindi, huu ubishi haukosi kuzuka, hasa tangu habari za GPS kuvurugwa zianze kuwa nyingi. Upande mmoja ni wazee waliojifunza kuruka kwa dira, saa na ramani ya karatasi, wao wanasema vijana wa siku hizi hawajui kuruka, wanajua kufuata mstari kwenye tableti, na tableti ikikata basi ndo wanaanza kuita mnara wa kuongoza ndege sauti inatetemeka. Upande wa pili wanauliza, kwani hapa mwenye makosa ni nani, mimi niliyenunua kifaa halali ama yule anayezunguka na mtambo wa kujam mawimbi, yaani wa kuyazima? Mimi naona wote wana hoja lakini hoja zenyewe hazina uzito sawa, na mara nyingi wazee wanashangiliwa zaidi ya haki yao.

Kwanza tuelewane kinachovurugwa ni nini. Satelaiti za GPS ziko juu kama kilomita 20,200, zinatuma mawimbi kwenye masafa ya megahatsi 1575.42, na nguvu yake ni kama balbu chache za nyumbani. Yakishuka hapa chini yamechoka kabisa, kwa hivo mtu akiwa na kimtambo kidogo cha kuchomeka pale pa kuwashia sigara kwenye gari anaweza kuyazima kwa eneo lake, na ndege iliyo juu inapata shida mbali zaidi kuliko gari lingine barabarani, manake kati yake na huo mtambo hakuna nyumba wala mlima wa kukinga. Huko ndo kujam. Kuna na kudanganya, pale mtu anatuma mawimbi feki yanayofanana na ya satelaiti, kifaa chako kinayaamini na kinakuonyesha uko mahali ambapo haupo. Hivi viwili watu wanavichanganya sana na nitarudi hapo, kwa sababu hoja ya wazee inasimama kwa kimoja na inayumba kwa kingine.

Sasa nani atajam GPS Mombasa, vita viko wapi? Hilo swali naulizwa kila mara, na jibu ni kwamba si lazima kuwe na vita. Mizigo ya transit, ile inayopita kwenda nchi jirani, ikitoka bandarini inafungwa sili ya elektroniki ya KRA, mamlaka ya ushuru, ule mfumo wa RECTS ulioanza 2017 pamoja na Uganda na Rwanda, na sili inajua iko wapi kwa GPS. Wenye matrela nao wanaweka traka zao ili wajue dereva asilale njiani wala asiuze dizeli. Kwa hivo kuna watu wana sababu ya kutaka GPS inyamaze, kuanzia mwizi wa mzigo mpaka dereva anayetaka tu kupitia kwa shemeji. Sisemi wanafanya, nasema sababu iko. Na angalia ramani: uwanja wa ndege wa Moi umekaa pale Port Reitz, Changamwe na Miritini matrela yamepanga foleni, na ndege inayotua ikitoka kusini inapita juu ya ule mkono wa bahari ikiwa chini kabisa.

Marekani hili lilishatokea. Dereva mmoja wa gari la kampuni hakutaka bosi ajue anazunguka wapi, akanunua kimtambo akachomeka, akawa anapita nacho karibu na uwanja wa Newark ambako walikuwa na mfumo wa kuongoza ndege kutua kwa GPS. Mwaka 2013 mamlaka ya mawasiliano ya kule, FCC, ikatangaza faini ya dola 31,875. Mtu alikuwa anajificha kwa bosi, basi.

Tuwape wazee haki yao. Kwa huku pwani mchana kweupe, kupotea ni kazi. Ukitoka Ukunda kwenda Malindi bahari iko kulia kwako mwanzo mwisho, unaona feri za Likoni, Nyali, mkono wa Mtwapa, daraja la Kilifi, halafu mikoko ya Mida, na ukiona maji ya bahari yamegeuka rangi ya chai ya maziwa ujue ushaupita mji wa Malindi, hapo ni mto Sabaki unamwaga matope yake. Rubani anayepiga kelele ati amepotea kwenye njia hiyo saa nne asubuhi kwa sababu tableti imeandika hakuna mawimbi, huyo mimi pia simtetei.

Lakini geuza pua uende bara. Ukishapita Mariakani ni nyika ya Taru, kichaka kinafanana na kichaka, uko na reli na barabara ya Nairobi na ukiviacha hivyo huna kitu mpaka uone milima ya Taita, na hiyo milima inapita mita 2,000. Weka wingu la masika hapo, ama jua limezama mapema kuliko ulivyopiga hesabu, halafu uniambie kuhusu kuangalia dirishani. Marekani 2018 karibu na Sun Valley jimbo la Idaho kuna ndege ya abiria ilipoteza GPS katika moshi wa moto wa msitu na ikawa inaelekea mlimani, aliyeiokoa ni mwongoza ndege aliyeiona kwenye rada. Na ile ilikuwa ndege ya abiria. Ndege kubwa huwa zina mitambo ya ndani inayohesabu mwendo wake yenyewe bila kusikiliza satelaiti, Cessna 172 ya mtu binafsi haina kitu hicho. Ina dira inayocheza, ina kipima mwinuko, na ina tableti imefungwa kwenye paja la rubani, kadoti ka bluu kanatembea juu ya ramani.

Na hapa ndo naona wazee wanakosea, ama tuseme wanasaidia wasiowajua. Wanasema rudini kwa mambo ya zamani, sawa, lakini ya zamani yenyewe yanazimwa. Marekani walizima Loran-C, mfumo wa redio wa ardhini wa kujua ulipo, 2010. Vituo vya VOR, ile mitambo ya redio ya ardhini ambayo rubani anaielekea bila kuhitaji satelaiti, vinapunguzwa huko kwa sababu ya gharama, ingawa angalau wameamua kubakisha mtandao mdogo ili GPS ikifa ndege ipate kiwanja cha kutua ndani ya maili 100 za baharini. Estonia kiwanja cha Tartu kilikuwa kinategemea GPS kwa kutua, mwezi wa nne 2024 ndege mbili za Finnair zikageuza zikarudi Helsinki, na kampuni ikasimamisha safari za huko mwezi mzima mpaka njia nyingine ya kutua ipatikane. Hao si marubani wavivu, ni kwamba ardhini hapakuwa na kitu cha kushika. Moi kuna ILS, mitambo ya redio ya ardhini ya kuongoza ndege kutua, ambayo haitegemei satelaiti, shukuru. Ukunda na Manda kule Lamu hakuna.

Kuhusu kudanganya sasa. Kujam unakujua, skrini inalia, unaamka. Mawimbi feki hayalii. Tangu Septemba 2023 ndege zinazopita karibu na Iraki na Irani zilianza kujikuta zinaonyeshwa ziko kwingine kabisa, na nyingine mtambo wa kuonya mlima unapiga kelele ndege iko juu mawinguni huko na mlima haupo. Mei 2025 meli ya makontena MSC Antonia ikapanda mwamba karibu na Jeddah na wachambuzi wa meli wakasema dalili zote ni za GPS kuvurugwa, na Bahari ya Shamu si mbali na sisi, meli za Kilindini zinapita huko huko. Ushauri wa "ikizima angalia nje" haukusaidii kama haijazima. Na wenye ndege ndogo wana tabia moja mbaya hapa, wanalinganisha tableti na GPS ya kwenye dashibodi, zikikubaliana wanatulia, wakati zote zinasikiliza satelaiti zile zile na zitadanganywa pamoja.

Kwa hivo mazoea ya wazee yanahitajika, ila kwa sababu nyingine. Andika mwelekeo na dakika kabla hujaruka, VOR iweke tayari hata kama huitumii, kila baada ya muda tafuta kitu kimoja chini ulinganishe. Haigharimu hata shilingi. Lakini hiyo isiwe kisingizio cha serikali kuacha mitambo ya ardhini ife na kuacha wenye vimtambo watembee.

Tatizo lingine ni kuripoti. Rubani binafsi GPS ikimpotea dakika tano halafu ikarudi hasemi, anaogopa ataulizwa habari za leseni, na akisema, inaishia KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, wakati anayesimamia masafa ni Mamlaka ya Mawasiliano. Denver kule Marekani Januari 2022 ndege ziliripoti kwa wingi na bado vurugu ilichukua saa 33 kuisha, Dallas Oktoba mwaka huo huo chanzo hakikupatikana kabisa. Sasa fikiria pale ambapo hakuna aliyesema kitu. Na sisi tuna kitu ambacho Dallas hawana, kila sili ya KRA inayonyamaza barabarani ina saa na mahali iliponyamazia. Hizo rekodi ziwekwe meza moja na ripoti za marubani, zenye saa, mahali na mwinuko, na trela lililonyamaza dakika ile ile Cessna ilipopoteza satelaiti lisimamishwe pale mizani ya Mariakani likaguliwe kwenye dashibodi.