Presha ya mimba si mawazo wala kurogwa

Ahsante mwandishi kwa makala yako inayoeleza kuwa presha ya ujauzito inahusiana na namna jeni (vinasaba) za kondo la nyuma zinavyowashwa na kuzimwa. Nimeisoma mara mbili kwenye daladala kutoka Mbagala, nikamkumbuka wifi yangu.

Alivimba uso na miguu, kichwa kikimuuma, akiona nyota nyota. Mtaani wengine wakasema ana mawazo mengi, wengine amerogwa. Kliniki aliyokuwa akienda, kipimo cha presha kilikuwa kibovu, akarudishwa mara mbili bila kupimwa. Kifafa kikampata mimba ikiwa ya miezi saba. Yeye alipona, mtoto tulimzika.

Natamani makala ingeitaja jeni ya FLT1. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kuwa tofauti za vinasaba zilizo karibu na jeni hiyo, tena kwa mtoto aliye tumboni, zinahusiana na presha hii ya mimba inayoweza kuleta kifafa. Kondo likimwaga kupita kiasi protini inayotokana nayo, protini hiyo inanasa protini nyingine kwenye damu ya mama, zile zinazotunza mishipa ya damu. Presha inapanda, figo zinavujisha protini. Halafu mtu anamlaumu mama eti kagombana na mumewe!

Mimba ikivuka wiki 20, presha ya 140 kwa 90 si ya kusubiri. Na aliyewahi kuipata amwambie daktari mapema, maana aspirini ya dozi ndogo ni vizuri ianzwe kabla ya wiki 16. Wifi ana mimba tena, wiki ya 11. Kesho asubuhi nampeleka mwenyewe.