T. rex Akae Benchi Kwanza

Jamani, nani aliwaambia kwamba dinosaria lazima awe Mmarekani? Kila wazo la katuni ya elimu ya dinosaria linalozunguka hapa Dar lina sura ileile: T. rex wa kijani, volkano inafuka moshi nyuma yake, halafu Kiswahili kinabandikwa mwishoni kama stika kwenye kioo cha daladala. Kisha tunaambiwa haya ni maudhui ya nyumbani. Nyumbani kwa nani?

Tendaguru, kilima walikochimbwa dinosaria, iko mkoani Lindi, kama kilomita 60 tu kutoka mjini. Wajerumani walichimba pale kuanzia 1909 hadi 1913 wakaondoka na mifupa ya zaidi ya tani 220. Mmoja wa wanyama hao, Giraffatitan, mla majani mwenye shingo ndefu, amesimamishwa Berlin, na kutoka sakafuni hadi kichwani ni mita 13.27, yaani jengo la ghorofa nne. Habari ya mifupa kurudi au kutorudi ina siku yake, leo siigusi. Ila kumchora hakuhitaji kibali cha mtu.

Na majina! Hapa ndipo panaponiuma. Watu wanakaa vikao vizima kutafuta namna ya kuwaita dinosaria kwa Kiswahili, wakati Kiswahili kimo kwenye vitabu vya sayansi tayari. Mwaka 2019 mnyama aliyechimbwa bonde la Rukwa alipewa jina rasmi la kisayansi: Mnyamawamtuka moyowamkia. Lisome taratibu. Mnyama wa Mtuka, moyo wa mkia. Mtuka ni mto wa huko alikopatikana, na pingili ya mkia wake ina umbo la moyo. Mtoto wa darasa la pili pale Mbagala analisoma bila kusaidiwa. Profesa wa Chicago ndiye anayejiuma ulimi. Miaka miwili kabla yake alikuja Shingopana songwensis. Shingo pana, wa Songwe, kwisha maneno. Mwaka 2010 alitangazwa Asilisaurus kongwe wa kusini, mwenye umbo dogo na umri wa miaka milioni 240 hivi. Huyu, tukienda kwa ukali wa sayansi, si dinosaria kamili bali ndugu wa karibu mno, na hicho ni kipindi kizima peke yake: nani wa ukoo, nani jirani tu. Yupo pia Wamweracaudia, mkia wa Wamwera. Watoto wa Lindi hawajui kwamba kabila lao limo kwenye jina la dinosaria, ila wanajua kutamka Tairanosaurasi. Hongera zetu.

Ndiyo, nakubali, watoto wanampenda T. rex. Basi apewe kipindi kimoja, cha kumi, kama mgeni. Na aingie akiwa amechelewa, kwa sababu kweli alichelewa.

Kwa kuchelewa kwake, tuseme habari ya muda. "Miaka milioni 150" kwa mtoto wa miaka saba ni kelele. Usiitaje, itembee. Mpeleke mhusika wako Uwanja wa Mkapa, mstari wa goli uwe leo, kila mita iwe miaka milioni moja. Binadamu wa aina yetu anaanzia sentimita 30 kutoka mstarini. Kipa hajanyanyua hata mguu. T. rex wa mwisho yuko mita ya 66, ameshavuka katikati ya uwanja. Kentrosaurus, mla majani mwenye miiba wa Tendaguru? Uwanja hautoshi. Una mita 105, kwa hiyo unakwenda mpaka goli la pili, unageuka, unarudi mita 45. Maana yake T. rex yuko karibu na sisi kuliko alivyo karibu na Kentrosaurus, na ile picha mnayoipenda, mmoja anamfukuza mwingine, ni upuuzi. Dakika mbili za katuni zinatosha kuonyesha hili, na mtoto ataenda kulipima mwenyewe kwa hatua kwenye uwanja wa shule.

Sasa adui awe nani? Mla nyama mkubwa wa Tendaguru anajulikana kwa meno na mifupa michache. Wenye haraka wataliona hilo ni pengo. Mimi naona limepunguza gharama: msimwonyeshe. Onyesha jino lililokwama kwenye mfupa, kivuli, majani yanayotikisika. Inatisha zaidi, na mchoraji amepungukiwa mhusika mmoja.

Kwenye uchoraji kuna makosa yanayorudiwa mpaka yanachosha. Nyasi hazikuwepo. Chora mikangaga na miti ya jamii ya misonobari, na maua uyaache kabisa. Tendaguru ya wakati ule ilikuwa pwani yenye maji ya kupwa na kujaa, kitu ambacho mtoto wa Kigamboni anakijua kuliko volkano. Mikia haiburuzwi chini, inabebwa hewani. Giraffatitan ana miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, mgongo umeteremka kuelekea mkiani kama wa twiga. Ukimpa mgongo wa tembo umemuua. Urefu wake wote ni kama mita 22, na basi la mwendokasi lile lenye maungio lina 18. Kentrosaurus ana kama mita 4.5, karibu sawa na Noah: vibamba shingoni na mabegani, kuanzia katikati ya mgongo vinageuka miiba hadi mwisho wa mkia, pamoja na mwiba mmoja kila upande, begani. Michoro ya zamani iliuweka nyongani, msiinakili. Mkia wake ukate vipande visivyopungua sita unapomtengenezea viungo vya kompyuta, kwa sababu mkia ndiyo silaha yake na ukiwa na vipande viwili utapiga kama ubao.

Halafu uzito. Kwa fremu 25 kwa sekunde, yaani picha 25 zinazopita kila sekunde, mtu akitembea hatua moja inakula fremu 12 au 13. Giraffatitan mpe 35, miguu mitatu iwe chini kila mmoja unaponyanyuka, na mwili ushuke kidogo mguu unapotua. Ukimpa hatua za mtu, umechora puto.

Sauti zirekodiwe kwanza, kabla ya kuchora. Nasema hivi kwa sababu kinachofanyika ni kinyume: picha zinachorwa kwa maandishi ya Kiingereza, kisha Kiswahili kinalazimishwa kuingia. Amri ya kukimbia kwa Kiingereza ni silabi moja, fremu tano au sita. "Kimbieni!" ni silabi nne, inataka kama 20. Matokeo yake mdomo umefungwa na sauti bado inaendelea, na mtoto anajua anadanganywa hata kama hajui kwa nini. Kuandika kwa Kiswahili toka mwanzo ni nafuu pia. Michoro minane ya mdomo inakutosha: irabu tano, mdomo uliofungwa wa m, b na p, mdomo wa f na v, na mmoja wa kupumzika. Maneno yetu mengi yanaishia na irabu, kwa hiyo usiufunge mdomo mara neno linapokwisha. Uache wazi fremu mbili tatu ndipo uufunge. Chumba cha kurekodia kizimwe feni, ukutani pawekwe magodoro. Kipindi cha dakika saba kinabeba maneno 600 au 700. Ukizidisha hapo umeandika mhadhara, na msimulizi atakimbia kama kondakta anayeita abiria.

Dakika saba hizo ni fremu 10,500, au michoro 5,250 ukishikilia kila mchoro fremu mbili. Kompyuta inapokamilisha kazi, itoe picha moja moja, isitoe faili moja la video. Umeme ukikatika kwenye fremu ya 3,000, unaendelea na ya 3,001. Kwenye faili la video unaanza sifuri, na usiku wa kazi umekwenda.

Kipindi cha mwisho kisiwe na dinosaria hata mmoja aliye hai. Kiwe cha Boheti bin Amrani, aliyesimamia wachimbaji wa Tendaguru na ambaye mwaka 2007 dinosaria mmoja, Australodocus bohetii, alipewa jina lake. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha 1907 tu. Fungua na nyayo za wapagazi, vumbi, hakuna muziki. Mizigo imefungwa kwa udongo na mianzi, iko vichwani, na Lindi ni mwendo wa siku nne. Mtoto aone shingo ya mtu ikibeba pingili ya shingo ya Giraffatitan, mpaka mzigo ushushwe bandarini. Pale njiani, kwa kuwa sasa ni 1909, nyasi mnaruhusiwa kuchora.