Kiatu cha Caballero kilikatwa kwanza

Katika viatu vyote vilivyopewa jina la mchezaji, ninachokiheshimu kuliko vyote ni Half Cab cha Vans, kampuni ya viatu ya Marekani. Umbo lake liliamuliwa na vijana wenye makasi mkononi, na mwenye jina, Steve Caballero, bingwa wa skeiti, ule ubao wa magurudumu manne unaopandwa kwa miguu, akawasikiliza. Nayasema haya nikiwa Goma, mashariki mwa Kongo, mji ambao watu wake hukata, hushona na hubandika viatu kila siku ya Mungu, na bado sijaona kampuni ya viatu iliyokuja kutazama miguu yao.

Caballero alizaliwa San Jose, California, mwaka 1964, kwa wazazi wenye asili ya Mexico na Japani. Mgongo wake umepinda tangu utotoni, lakini ndiye yule yule aliyeanza kulipwa kwa kucheza skeiti mwaka 1980, akiwa bado kijana mdogo, chini ya kampuni ya mbao za skeiti ya Powell Peralta. Kundi lao liliitwa Bones Brigade, na ndani yake walikuwemo Tony Hawk, Rodney Mullen na Lance Mountain. Mwaka huo huo alibuni mruko uliobaki na jina lake, Caballerial. Mchezaji hupanda ukuta uliopinda wa rampu, yaani jukwaa la kurukia, akienda kinyumenyume, huruka bila kushika ubao kwa mkono, huzunguka duara zima la nyuzi 360, kisha hushuka. Anayezunguka nusu duara amefanya half cab. Mwaka 1987 alipaa futi 11 juu ya ukingo wa rampu, na kwa wakati ule hakuna aliyekuwa amefika hapo. Mwaka 1999 gazeti la skeiti la Thrasher likamtaja kuwa mchezaji wa skeiti wa karne nzima. Mtu wa namna hiyo angeweza kuamini kwamba hakuna kijana wa kumfundisha kitu.

Kiatu chake cha kwanza kwa Vans kilitoka mwaka 1989. Kampuni ilianzia Anaheim mwaka 1966, na mwaka 1984 madeni yalikuwa yameifikisha mahakamani, kwa hiyo tuelewe ilikuwa na njaa ya kiatu kitakachouzika. Kilikuwa kirefu, kinafunika kifundo cha mguu chote, shingo yake imejazwa sponji. Kwa kazi iliyokusudiwa kilikuwa sawa kabisa. Wachezaji wa miaka ile waliishi kwenye rampu kubwa, waliruka juu sana na kuanguka vibaya, na mbao zao zilikuwa pana na nzito. Kifundo kilihitaji ulinzi.

Halafu mchezo ukahama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 rampu nyingi zilikuwa zimefungwa au kubomolewa, na vijana wakashuka barabarani, kwenye ngazi, kwenye kuta fupi na vyuma vya kushikilia. Mbao zikawa nyembamba, magurudumu yakapungua hadi karibu milimita 40. Sasa kazi yote ilikuwa kwenye kifundo. Ili ubao uruke bila kushikwa, mguu wa nyuma hupiga mkia wake chini, na mguu wa mbele hulala ubavu na kuburuta ubao kwenda juu. Ili ubao ujipindue hewani, ule mguu wa mbele lazima uupige teke dogo la pembeni. Jaribu kufanya hivyo shingo ya kiatu ikiwa imekubana hadi juu. Mguu hauendi.

Basi vijana wakachukua kiatu cha bingwa, cha bei, kipya kutoka dukani, wakakikata. Walikata shingo kwa makasi au wembe, kila mmoja kwa kipimo chake, wakazungushia plasta ya gundi ili sponji isitoke. Walichokipenda ni sehemu ya chini: ngozi laini ya swedi, ambayo hustahimili msasa uliobandikwa juu ya ubao kuliko turubai inavyostahimili, na soli ya mpira inayoshika. Sehemu ya juu waliitupa.

Caballero aliona. Hapo ndipo ninapompenda. Hakuwaambia kwamba wanaharibu kiatu, wala hakuiomba kampuni imtetee. Akakata vyake mwenyewe, akavizungushia plasta kama wao, akavipeleka Vans: tengenezeni hivi. Mwaka 1992 Half Cab kikatoka, na zaidi ya miaka 30 baadaye bado kinatengenezwa na kuuzwa. Jina kwenye kiatu ni lake, na ninaona ni haki liwe lake, kwa sababu kuona kile ambacho watu wanakifanya na kazi yako, ukakubali kwamba wao wamepatia, ni ufundi pia. Mabingwa wengi hawana ufundi huo. Wako wanaotia sahihi kwenye kiatu ambacho hawatakivaa mchezoni hata siku moja, na mnunuzi analipia sahihi.

Sasa njoo mtaa wa Birere hapa Goma, au pita soko la Virunga, mahali popote ambapo fundi wa viatu amekaa chini ya mwavuli wake na mfuko wa nyuzi. Utaona bote ya mpira iliyokatwa shingo ikabaki kiatu cha chini, kwa sababu mwenyewe hahitaji kwenda shambani kwenye tope, anahitaji kitu kisichopitisha maji barabarani. Utaona basketi, yaani raba, za kaguwa, ndiyo mitumba, zilizobandikwa soli ya tairi kwa sababu mawe ya volkano hayana huruma. Nyiragongo ilimwaga mawe hayo mjini mwaka 2002, na sisi tunatembea juu yake. Soli iliyotengenezwa kwa ajili ya lami ya Ulaya haina muda mrefu hapa. Kijana anakuja, anavua kiatu, anasema: «Papa, unikatiye hapa, inanikaza.» Fundi anauliza swali moja tu kabla ya kushika kisu: unafanya kazi gani? Swali hilo ndilo ambalo kampuni kubwa huajiri watu wenye digrii waende kuliuliza.

Na tunao wachezaji wetu, hata kama wenyewe hawaiti mchezo. Mwenye chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachosukumwa kwa mguu, anayeshuka kutoka Kibumba na mzigo wa viazi na kabichi ameweka goti moja juu ya mbao, mguu wa pili unasukuma ardhi. Kwenye mteremko anakanyaga kipande cha mpira kilicho juu ya gurudumu la nyuma ili apunguze mwendo. Chombo ni mti wa mkaratusi, magurudumu ni mti uliovishwa mpira wa tairi. Hakuna kiatu duniani kilichofikiriwa kwa ajili ya mwili unaofanya kazi hivyo. Mguu wa goti unahitaji kupindika vidole bila ngozi kupasuka, na mguu wa kusukuma unamaliza soli upesi mno, upande mmoja kila mara. Ndiyo maana unamkuta amevaa sandali ya tairi mguu huu na basketi mguu ule. Wapita njia wanaona umaskini. Mimi naona mtu anayejua kila mguu wake unafanya nini.

Zamani, wachezaji wa skeiti wa California nao walimaliza kiatu kimoja kabla ya kingine, kwa sababu ile ile. Maduka ya Vans yakakubali kuwauzia kiatu kimoja. Kampuni haikupata umaarufu kwa matangazo peke yake. Iliupata pia kwa mlango wa duka uliokuwa wazi kwa mtoto aliyekuja na shida ya mguu mmoja.

Wako watakaoniambia skeiti si mambo yetu, barabara zetu zenyewe zinavunja pikipiki. Kweli, gurudumu la milimita 40 likikutana na kijiwe cha lava linasimama papo hapo na mtu anaendelea peke yake. Lakini Kitintale, Kampala, vijana wana uwanja wao wa skeiti wa saruji, na hawakungoja mji mzima uwe laini kwanza. Hata hivyo hoja yangu si kwamba Goma ijenge rampu, ingawa ningefurahi sana. Hoja yangu ni heshima ya fundi na ya mguu. Mjini kwetu kuna chukudu ya rangi ya dhahabu imesimamishwa juu kwenye mzunguko, kila mgeni anapiga picha. Sanamu ni nzuri. Aliyeko chini anayepita na makaa ya kuuza bado amevaa viatu viwili visivyofanana, na fundi aliyevitengeneza hakuna anayemjua.

Kama kuna mtu wetu mwenye karakana ya ngozi, Goma, Bukavu au Lubumbashi, mwenye mtaji hata mdogo, ninamwomba atengeneze kiatu cha chukudu. Asianze na mchoro. Akae wiki nzima na fundi wa Birere, wavikusanye viatu vilivyokufa, wavipange wavitazame vimeisha wapi. Soli ya mguu wa kusukuma iwe nene kuliko ya mwenzake, na iweze kung'olewa na kubandikwa upya. Pua iwe ngumu. Shingo iwe fupi. Jina la fundi lichapishwe ubavuni, alipwe kwa kila jozi inayouzwa kama Caballero alivyolipwa. Na duka likubali kuuza kiatu kimoja kimoja.