Mwanaume mzima na buibui wa bafuni

Niseme mapema ili anayetaka kucheka acheke amalize. Nina miaka 39, nina mke na watoto wawili, nimewahi kumfukuza mwizi wa kuku kule Mamboleo usiku wa manane nikiwa na kiatu kimoja, na ninaogopa buibui.

Sisemi nachukizwa naye. Anayechukizwa hukunja uso, akachukua ufagio, mambo yakaisha. Mimi nikimwona buibui mkubwa ukutani magoti hulegea na viganja hulowa jasho. Kumtazama siwezi, na kuacha kumtazama siwezi pia, maana akinipotea machoni nitalala wapi usiku huo?

Kilichonitoa mafichoni ni binti yangu wa miaka 4. Mvua za Aprili zilipoanza aliona buibui karibu na mtungi wa maji, akapiga yowe, akarudi nyuma mkono kifuani, mguu mmoja hewani. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Baba Zuhura, njoo ujione!" Na kweli, nilikuwa mimi mtupu, mpaka ule mguu. Hakuna aliyewahi kumwambia mtoto huyu kwamba buibui ni hatari. Alikuwa akinitazama tu.

Woga wangu mimi naujua ulikozaliwa: Mumias, kwenye choo cha shimo cha kukhu, yaani nyanya yangu. Nilikuwa na miaka 7. Nilipoinua macho nikamwona juu ya komeo la mlango, yule buibui bapa wa rangi ya ukuta, anayetandaza miguu kama kiganja cha mtu na kukimbia kombo kama kaa. Nifungue mlango vipi? Nilikaa mle mpaka chakula cha mchana kikaiva na jina langu likaanza kuitwa uani. Mwishowe kukhu aliuvuta mlango kutoka nje, komeo likang'oka na msumari wake. Akamtazama buibui, akanitazama mimi, akasema, "Huyu si ndiye aliyemficha Mtume?"

Hakumuua, wala nyumbani kwake hakuna aliyeruhusiwa kumuua. Wengi mnakijua kisa cha pango la Thawr: Mtume Muhammad (S.A.W.) na Abubakar wakihama Makka kwenda Madina, buibui akatanda mlangoni, na waliowafuatia wakaona hapa hajaingia mtu. Wanazuoni wana maneno yao kuhusu nguvu ya simulizi hiyo, ila kwa kukhu haikuwa na mjadala. Kwenye chuo cha Kurani nikakutana na sura nzima yenye jina lake, ya 29, Al-Ankabut, na aya ya 41 inayosema nyumba ya buibui ndiyo dhaifu kuliko zote. Nikawa najiuliza, mwenye nyumba dhaifu hivyo kwa nini asiimarishe yake, akaacha kuhamia kwangu? (Na kukhu mwenyewe alivaa buibui kila Ijumaa, wala sikuwahi kumkimbia.)

Nilipoanza kujitegemea hapa Kisumu, dawa yangu ilikuwa mkebe wa kunyunyizia. Nimemaliza mikebe ambayo sitaki mke wangu aihesabu. Sasa naona ulikuwa upumbavu, na nasema hivyo nikiwa mnunuzi mzoefu. Buibui aliyenyunyiziwa hafi palepale. Anachanganyikiwa, anakimbia ovyo, na mara nyingi anaukimbilia upande wako. Wewe unabaki na chumba kisichovutika pumzi, watoto wanakohoa, na kesho kutwa amekuja mwingine, kwa sababu kilichomleta wa kwanza bado kipo.

Kilichomleta ni chakula. Anayeishi karibu na ziwa anawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kama moshi, hasa mwezi unapoandama. Hawaumi, lakini ukiacha taa ya baraza inawaka, asubuhi unawafagia kwa kijiko cha taka. Buibui naye si mjinga, anajenga pale soko lilipo. Kwangu taa hiyo siku hizi huzimwa mapema, dirisha la jikoni limewekwa wavu, na chini ya mlango fundi amepigilia kipande cha mpira. Vitu vitatu hivi vimenipunguzia wageni kuliko mikebe yote ile.

Halafu kuna habari ya Mbita, ambayo kila mwenye woga kama wangu huwa anasimuliwa na mtu anayetaka kumsaidia. Ng'ambo ya ghuba, ukivuka na feri ya Luanda Kotieno, kuna kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE. Huko alichunguzwa buibui mdogo anayeruka, Evarcha culicivora, ambaye makao yake ni pembezoni mwa Ziwa Viktoria. Mwaka 2005 Robert Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune walichapisha walichokiona: huyu kiumbe huchagua mbu jike aliyekwisha kunywa damu kuliko mawindo mengine. Damu anaitaka, ngozi ya mtu hawezi kuitoboa, kwa hiyo anamwachia mbu kazi ya kuichota. Mwaka 2011 ikaonyeshwa pia kwamba huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa. Hatandi utando wa kunasia. Hunyemelea, kisha huruka.

Habari tamu, na kwa watu wa ukanda wa malaria ni ya kujivunia. Chandarua ni lazima hata hivyo, maana buibui hawezi kukulinda usiku kucha. Ila mimi haikunitibu. Nilipoisoma nilifanya jambo moja tu: niliziondoa soksi zangu nyuma ya mlango. Na hapa ndipo ninapogombana na wenye kutoa ushauri. Wanadhani mwoga hana elimu ya buibui. Elimu ninayo! Najua wengi wa hawa wa nyumbani hawana dhara kwangu. Lakini woga huu haukai kichwani, unakaa miguuni, na miguu haisomi.

Kilichonisaidia ni jambo la kuchosha. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliandika miaka ya 1950 kuhusu kumzoesha mtu kitu anachokiogopa hatua kwa hatua, akiwa ametulia. Baadaye Lars-Göran Öst wa Sweden akaonyesha, mwaka 1989, kwamba hata kikao kimoja kisichozidi saa tatu na mtaalamu kinaweza kumtoa mtu mbali. Mtaalamu mimi sikuwa naye. Nilikuwa na simu. Nikaanza na picha, nusu nimeifunika kwa kidole gumba. Baada ya wiki nikakiondoa kidole. Kisha nikahamia kwa yule mwembamba wa miguu mirefu anayening'inia kwenye pembe ya dari sebuleni. Nikasimama mlangoni.

Siri yote iko katika kusimama. Woga hupanda, hupanda, ukadhani utakupasua kifua, na hapo ndipo kila siku nilikuwa nakimbia. Nikikimbia mwili unaandika kwamba nimeokoka kwa sababu nimekimbia, na kesho unadai mbio zaidi. Ukibaki unachoka wenyewe. Unashuka polepole kama maji ya kufulia kwenye mtaro ulioziba. Mara ya kwanza ilinichukua nusu saa na chai ikapoa. Mara ya sita niliimaliza chai ingali moto.

Lakini hatua awe anazipiga mwenye woga mwenyewe. Shemeji yangu mmoja aliona anisaidie, akaniwekea buibui mfu ndani ya kiatu siku ya harusi. Watu walicheka sana. Mimi nilirudi kwenye picha na kidole gumba, miezi miwili. Na kama woga unakuzuia kulala au kuingia chumbani mwako, huo si wa kuhangaika nao peke yako na simu. Kamwone mshauri wa afya ya akili.

Sasa tunatumia bilauri na kadi. Unamfunika buibui kwa bilauri, unapenyeza kadi kati yake na ukuta, unamtoa nje hadi kwenye migomba. Kadi za harambee tunazo tele, na za gredi nzuri, ngumu. Juzi Zuhura aliniletea vyote viwili bila kuitwa. "Baba, nishike gani?" Nikamwambia ashike kadi, bilauri nitaishika mimi. Ilitetemeka, aliiona, hakusema kitu.

Yule bapa wa bafuni bado sijamfikia. Yuko juu ya mlango, karibu na komeo, kama vile alipewa maelekezo kutoka Mumias. Tumekubaliana abaki huko juu. Mimi huoga macho wazi, sabuni ikiniwasha.