Manahodha wawili, chombo kimoja: mhadhiri afuate barua ipi wakati wa mgomo?

Mhadhiri anayeishi Malindi na kufundisha Kilifi, mwendo wa kilomita zipatazo 60, anaweza kuwa na barua mbili kwenye simu kabla hajapanda matatu asubuhi ya kwanza ya mgomo. Ya chama cha wahadhiri inamwambia asifundishe, asisimamie mtihani, asisahihishe, asiingize alama, asihudhurie kikao. Ya utawala inamwambia masomo yanaendelea kama kawaida, atie sahihi rejista kila siku, na asiyeonekana hatalipwa. Mara nyingine huja ya tatu kutoka kwa mkuu wa idara, ikiwaomba kwa upole walio tayari wafundishe mtandaoni. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na katika chombo hiki abiria ni wanafunzi.

Si jambo dogo wala la nadra. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya wa mwaka 2025 ulianza Septemba 17 na kwisha Novemba 5. Siku 49 zilipita kabla ya kutiwa sahihi makubaliano ya kulipa shilingi bilioni 7.9 zilizosalia za mkataba wa pamoja wa 2017 hadi 2021, yaani makubaliano ya malipo kati ya vyama na waajiri, kwa awamu mbili. Muda huo wote, anayeshika chaki alikuwa na haki ya kujua anasimama wapi.

Hakuna barua kati ya hizo iliyo sheria. Kila moja hushika nusu ya sheria inayoifaa na kuiacha ile nyingine. Katiba ya 2010, Ibara ya 41(2)(d), inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, na waraka wa chama hukomea hapo. Ibara ya 43(1)(f) inampa kila mtu haki ya elimu, na waraka wa utawala huanzia hapo. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 ndiyo inayoziweka haki hizi mahali pake. Kwa kifungu cha 76, mgomo unalindwa ikiwa mgogoro unahusu masharti ya kazi au kutambuliwa kwa chama, usuluhishi umejaribiwa ukashindikana, na notisi ya maandishi ya siku 7 imefika kwa mwajiri na kwa waziri. Kufundisha chuoni hakumo katika Jedwali la Nne la sheria hiyo, lenye huduma muhimu kama hospitali, maji na zimamoto. Kwa hivyo anayedai kuwa mhadhiri haruhusiwi kugoma kwa sababu elimu ni muhimu hana pa kusimama.

Lakini soma na kifungu cha 79. Mgomo ukilindwa, mwajiri hawezi kumfuta mtu wala kumwadhibu kwa kushiriki. Kifungu hicho hicho kinasema pia kwamba mwajiri halazimiki kulipa kazi ambayo haikufanywa. Nyaraka za chama nyingi huliruka hili, na mtu hulijua tarehe ya mshahara. Kifungu cha 80 ni kikali zaidi: anayeshiriki mgomo usiolindwa amevunja mkataba wake, anaweza kuadhibiwa, na hana dai la malipo ya siku hizo.

Basi swali la asubuhi ya kwanza si nani mkubwa kati ya katibu wa chama na Naibu Chansela, mkuu wa utawala wa chuo. Swali ni kama mgomo umelindwa, na jibu linaweza kugeuka katikati ya wiki. Mabaraza ya vyuo, kupitia jukwaa lao la pamoja la waajiri, huweza kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi kuomba amri ya kuzuia mgomo. Hapa ndipo watu huponzwa na picha za skrini. Amri isomwe yenyewe, si waraka unaoitaja. Tazama mambo manne: vyama vilivyotajwa (amri dhidi ya chama cha wahadhiri haimgusi moja kwa moja mfanyakazi wa chama kingine), kilichozuiwa hasa (notisi imesimamishwa, au kushiriki kumekatazwa), tarehe ambayo amri inakoma, na siku ya kusikizwa tena. Amri ya muda iliyotolewa Jumanne huenda ikawa imeshakwisha Jumatatu ya pili yake, huku waraka wa chuo bado unazunguka kana kwamba ni mpya. Na kinyume chake: mahakama ikishazuia, kauli ya "tunaendelea" kutoka jukwaani haimkingi mhadhiri mmoja mmoja. Kupuuza amri ni kosa la kuidharau mahakama, na hata asiyefikishwa huko kwa dharau hiyo huangukia kifungu cha 80.

Chama kina hoja nzito kinapokataza kila kitu. Fedha zilizokuwa zikidaiwa 2025 ni za mkataba ulioanza kuhesabiwa 2017. Waliosubiri kwa adabu walisubiri miaka minane. Mgomo wenye matundu hauumi: idara moja ikifundisha, nyingine ikasahihisha, ya tatu ikaingiza alama, serikali itaona vyuo vinatembea na haitakuwa na haraka. Tena orodha ya vighairi haina mwisho, kwa sababu kila somo lina mwanafunzi mwenye shida ya kweli.

Utawala nao hauna hila kila unaposema milango iko wazi. Chuo ndicho mwajiri kisheria, ila fedha za kulipa mkataba hutoka Hazina ya Taifa. Naibu Chansela hana pesa za kumaliza mgomo, na bado anadaiwa na mzazi, na mwanafunzi aliyelipa kodi ya chumba, na baraza. Akifunga chuo atalaumiwa. Akikiacha wazi huandika "kama kawaida", maneno ambayo kila mtu anajua si ya kweli.

Kipimo tunachokiona kinafaa ni kutenga kazi inayochelewa na kazi inayopotea. Nguvu ya mgomo iko katika kuchelewesha, na haihitaji kuangamiza. Mhadhara wa wiki ya tano unaweza kutolewa wiki ya kumi na mbili. Mtihani unaweza kusogezwa. Hizo ni kazi za kugomewa, na hapo tunasimama na chama bila kusita. Tangi la samaki katika maabara ya baolojia ya bahari halisogezwi. Pampu ya hewa ikizimika usiku mmoja wa joto la pwani, utafiti wa miaka miwili wa mwanafunzi wa uzamili umekwisha. Mwanafunzi wa uuguzi aliye wodini hawezi kuachwa na mgonjwa bila msimamizi. Ama msimamizi yupo, ama mwanafunzi atolewe wodini kwa barua. Mwanafunzi wa ualimu aliye kwenye mazoezi katika shule ya Lamu au Malindi anamngoja mtahini. Muhula wa shule ukifungwa, hakuna darasa la kumtazama akifundisha, na amepoteza mwaka, si wiki saba.

Alama ndizo zenye ubishi zaidi. Utawala unazitaka zote, chama kinazikataza zote. Jibu linategemea kazi ilifanywa lini. Mtihani wa muhula uliopita uliokwisha kusahihishwa kabla ya notisi ni kazi iliyolipwa, na alama zake ni za mwanafunzi. Kuzishika ni kumnyima cheti au kazi kwa deni ambalo si lake. Karatasi ambazo bado ziko kwenye bahasha ni kazi mpya, nazo zina haki ya kubaki kwenye bahasha, zimefungwa na kuhesabiwa, pamoja na orodha ya waliofanya mtihani. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya siku ya 7 ya notisi, kwa sababu karatasi hupotea ofisi zinapofungwa na kufunguliwa na watu tofauti, na baadaye hakuna anayekubali kuwa na ufunguo.

Mkuu wa idara yumo katika hali ngumu kuliko wote. Ni mwanachama na pia ndiye anayeagizwa kupeleka majina ya waliogoma. Kinachoamua kama yumo ndani ya chama au la ni mkataba wa kutambuana kati ya chama na chuo, unaosema ni wafanyakazi gani chama kinawawakilisha, si mazoea. Ausome kabla. Kama yumo, ana haki ya kugoma kama mhadhiri, na arudishe kwa maandishi majukumu ya kiofisi kwa kipindi hicho. Akibaki kazini, aandike alichokiona tu: darasa fulani, saa fulani, halikufanyika. Kuandika kwamba fulani amegoma ni kudai kujua nia. Huenda mtu huyo yuko hospitalini.

Wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa saa au kwa kozi, hawabebwi na nyongeza wanayoidai wenzao, na wasipofundisha hawalipwi. Ni vigumu kumlaumu anayefundisha saa zake mwenyewe. Lakini kupokea saa za aliyegoma ni jambo jingine, kwani hapo anavunja mgomo kwa ujira ambao huenda ukamfikia baada ya miezi mingi. Asiyekuwa mwanachama naye aitazame hati ya mshahara. Akiona makato ya uwakala, yaani ada anayokatwa asiye mwanachama anayenufaika na mkataba wa chama, yanayoruhusiwa na kifungu cha 49 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi, ajue kuwa mkataba unaogombewa unamhusu.

Njia mbaya kuliko zote ni ya katikati ya siri: kutia sahihi rejista asubuhi, kutofundisha, kisha kutuma rekodi ya sauti usiku kwenye kundi la wanafunzi. Rejista inasema ulikuwepo, jukwaa la masomo linahifadhi saa uliyoingia, kundi la wanafunzi linavuja. Chama kitakuona msaliti, mwajiri atakuuliza kwa nini uliposaini hukufundisha, na mwanafunzi wa kisiwani asiye na bando hakupata kitu. Maelezo yaliyowekwa mtandaoni kabla ya mgomo yabaki yalipo. Hayo si kazi mpya.

Kisha kuna hesabu ambayo barua zote huikwepa. Chukua kozi ya saa 3 kwa wiki katika muhula wa wiki 14: saa 42. Mgomo wa siku 49 unakula wiki 7, yaani saa 21, nusu kamili. Mwenye kozi nne anadaiwa saa 84. Kuzifidia ndani ya wiki 7 zilizobaki ni kufundisha saa 6 kwa wiki kwa kila kozi badala ya 3. Utawala hutaka kukata mshahara na pia kufundishiwa saa hizo. Chama hutaka mshahara wote, na mara nyingine hunyamazia fidia. Vyote viwili haviwezekani kwa haki. Mshahara wa siku za mgomo ukilipwa, saa zifidiwe zote kwa ratiba iliyoandikwa. Ukikatwa, saa hizo ni kazi ya ziada yenye malipo yake. Makubaliano ya kurejea kazini yasiyosema hili huzaa mhadhara wa saa sita mfululizo siku ya Jumamosi, na mtihani wa mada ambazo hazikufundishwa.

Makato yenyewe yana mipaka. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata ujira wa siku moja kwa kila siku nzima ya kazi ambayo mtu hakufika bila ruhusa au sababu halali, na jumla ya makato yote isizidi theluthi mbili ya mshahara. Anayeshutumiwa ana haki, kwa kifungu cha 41, ya kuelezwa kosa na kusikizwa mbele ya mwenzake au mwakilishi wa chama kabla ya kufutwa. Barua ya kujieleza ijibiwe kwa tarehe na nakala, na ijibiwe ndani ya muda uliowekwa.

Siku 7 za notisi zinatosha chuo na tawi la chama kukaa meza moja na kutoa karatasi moja, hata kama hawakubaliani juu ya mshahara: kazi zinazosimama, kazi zisizosimama na majina ya wanaozishika, nani ana ufunguo wa karatasi za mtihani, na nani atawaambia wanafunzi wasubiri wapi. Hili la mwisho ndilo hudharauliwa. Mwanafunzi wa Faza, kisiwani Pate huko Lamu, akisoma "masomo kama kawaida" hungoja maji yajae ili mashua ipite mlango wa Mkanda, hushuka Mokowe, hupanda basi la Witu, Garsen na Malindi hadi Kilifi, hukuta darasa limefungwa, na nauli ya kurudi hana. Tangazo la kufungua likitoka Ijumaa jioni kwa ajili ya Jumatatu asubuhi, huyo atakosa darasa la kwanza la fidia. Apewe angalau siku tano.